Sushi Ilianza Kibandani

Mara ya kwanza kuingia mkahawa wa Kijapani hapa Nairobi, rafiki yangu ndiye aliyekuwa analipa, la sivyo nisingethubutu. Mhudumu alileta tonge la wali lililolaliwa na kipande cha tumbo la jodari, mnofu wa waridi. Nikachungulia menyu. Hela hiyo ingenilisha kibandani siku kadhaa. Nikajiambia, hiki ni chakula cha wenye nazo.

Kumbe sushi nayo ni mtoto wa kibanda.

Mwanzoni, wali wenyewe haukuwa wa kuliwa. Samaki alitiwa chumvi, akafukiwa ndani ya wali kwa miezi ili achachuke badala ya kuoza. Siku ya kula, wali ulitupwa. Kando ya Ziwa Biwa, Japani, samaki wa namna hiyo bado anatengenezwa. Baadaye watu walichoka kungoja, wakaanza kutia siki kwenye wali ili upate uchachu papo hapo.

Waliokuwa na haraka zaidi ni watu wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Katika karne ya 18 ulikuwa na wakazi wapatao milioni moja, wengi wao wanaume waliotoka mashambani kutafuta riziki. Ukiishi peke yako Nairobi, unawaelewa. Miaka ya 1820, muuzaji aitwaye Hanaya Yohei alipata umaarufu kwa kufinyanga tonge la wali wa siki na kubandika samaki juu. Mteja alisimama, akala kwa vidole, akaenda zake. Matonge yalikuwa makubwa kuliko ya leo, kwa sababu watu walikuja kushiba.

Na jodari? Alidharauliwa. Barafu haikuwepo, na mafuta ya tumbo lake yaliharibika haraka. Mnofu mwekundu ulilowekwa kwenye sosi ya soya ili usiharibike upesi. Tumbo lenyewe lilitupwa. Wajapani walisema hata paka angeliruka.

Majokofu na ndege ndivyo vilivyogeuza mambo. Kufikia miaka ya 1970, ndege za Japani zilipeleka bidhaa Amerika Kaskazini na kukosa mzigo wa kurudi nao. Huko Kanada, wavuvi wa burudani walikuwa wakimvua jodari mkubwa wa mapezi ya buluu, wanapiga naye picha, kisha wanamfukia. Agosti 1972, jodari wa Kanada walinadiwa katika soko la Tsukiji, Tokyo. Takataka ikawa mali.

Januari 2019, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa Tokyo kwa yeni milioni 333.6. Lakini bei hizo zina gharama nyingine. Mwaka 2011, jodari wa Atlantiki aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ilibidi uvuvi ubanwe kwa miaka mingi ndipo, mwaka 2021, akatolewa humo. Alipodharauliwa alikuwa salama. Tulipompenda nusura tummalize.

Nilikula kile kipande. Kitamu, siwezi kukataa, kinayeyuka mdomoni. Rafiki akauliza kama niongezewe. Nikamwambia kimoja kinatosha.

Nikirudi nyumbani nilipitia kibandani nikala omena na ugali. Bado ni ya bei yetu. Nikawaza, itakuwa hivyo hadi lini?