Bakshishi ya Harusi: Deni Lililohamia Bustanini

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1904, miaka mitano baada ya reli kufika Nairobi. Stanley, ya Bi Mayence Bent, ilikuwa imeitangulia kwa miaka miwili. Katika kumbi hizo ndimo walowezi walimofanyia karamu zao, na ndimo alimozoeleka mhudumu wa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyeitwa "boi" hata kichwa kikajaa mvi. Mshahara wake ulipigiwa hesabu ya mwanamume asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto watalishwa na shamba huko kwao. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi walilipwa pungufu ya mahitaji ya lazima ya maisha. Bakshishi iliingia katika pengo hilo. Mgeni aliyemwachia mhudumu sarafu alijiona mkarimu, na pengine alikuwa mkarimu kweli. Lakini kwa hesabu ya mwajiri, sarafu ile ilikuwa sehemu ya ujira ambayo yeye hakuitoa. Ndiyo maana nashikilia kwamba bakshishi katika harusi za Nairobi ni suala la mshahara ambao haujawahi kukamilika, na ukarimu unakuja baadaye.

Wapo watakaonipinga kwamba kumtuza anayetumika harusini ni desturi yetu wenyewe, ya tangu zamani. Pwani, watu huinuka na noti mkononi wakawatunza waimbaji wa taarabu mbele ya kadamnasi, na somo aliyemfunda bi harusi haondoki mikono mitupu. Ni kweli, na ni desturi njema. Lakini anayetunzwa pale anajulikana kwa jina, anatunzwa hadharani, na tuzo yake ni heshima anayopewa mwenye fani. Katika harusi za vijijini bara, ambako majirani ndio waliopika na kupakua, hapakuwa na haja ya bakshishi: aliyepika leo kwa jirani alijua kwamba harusi ya mwanawe itapikwa na mikono ileile. Weita wa harusi ya mjini hana hili wala lile. Wageni hawamjui jina, na hakuna kati yao atakayekuja kumsaidia siku yake ikifika. Kumfunika kwa desturi ya kutunza ni kumpa kazi za jamaa na kumnyima haki za jamaa.

Baada ya uhuru pengo lilianza kuzibwa, angalau hotelini. Chama cha wafanyakazi wa hotelini, KUDHEIHA, kilipatana na waajiri kwa mikataba ya pamoja. Sheria ya Hoteli na Mikahawa ya mwaka 1972 ilifungua njia ya tozo ya mafunzo, na Chuo cha Utalii, kilichoanzishwa mwaka 1975 kando ya barabara ya Thika, kikaifanya kazi ya mezani na ya baa kuwa taaluma yenye cheti. Hoteli nazo zikaweka ada ya huduma ndani ya bili. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 inaitaja ada hiyo waziwazi kuwa ni badala ya bakshishi, na inaiondoa katika thamani inayotozwa kodi kwa masharti: isizidi asilimia 10 ya bei, na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Dola imekubali kwamba fedha hiyo ni ya wafanyakazi, na kwamba inaweza kugawanywa kwa utaratibu, hata muosha vyombo asiyeonwa na mgeni akapata fungu lake.

Lakini harusi zilihama. InterContinental ilifungwa mwaka 2020. Hilton, iliyokuwa wazi tangu 1969, ikafunga mwisho wa 2022. Hata kabla ya hapo, bi harusi aliyefungia ndoa kanisani katikati ya jiji alikuwa amezoea kuelekea magharibi, kwenye hema na nyasi za Karen, Lavington au Loresho, ambako kampuni ya upishi huja na sufuria zake na vibarua wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Hiyo ndiyo picha kamili ya weita wa Jumamosi. Amri ya mishahara humweka weita safu moja na mchimba madini na mkata mawe, na mwaka 2018 kima chao cha chini Nairobi kilipita kidogo shilingi 14,600 kwa mwezi. Ila kibarua wa siku moja hana mwezi wa kuuhesabia. Ada ya huduma, mkataba wa pamoja na chama vilibaki hotelini. Bustanini ilirudi sarafu ya mwaka 1904, na humfikia mhudumu wa baa, anayeonana na mgeni kila glasi inapokwisha, huku anayesugua masufuria nyuma ya hema akiambulia patupu.

Mwenye harusi atasema ameshalipa kwa kila sahani. Amelipa, ila bei ya sahani haimwonyeshi kilichokwenda kwa mpishi, kwa weita na kwa mwenye kampuni. Wengine huhofia kwamba bakshishi iliyoahidiwa mapema itawalegeza watu kazini. Hofu hiyo inafaa mkahawa ambao mteja hurudi kesho. Harusini mgeni harudi, chakula hupakuliwa kwenye bufee kabla ya mtu kugusa mfuko, na msimamizi wa kampuni yupo siku nzima kumwona mzembe. Kamati za harusi za Nairobi hukagua bajeti mstari kwa mstari, kuanzia hema hadi keki. Ziongeze mstari wa wahudumu: kiwango kilichokubaliwa, orodha ya wote waliofanya kazi pamoja na waosha vyombo, na kila mmoja atumiwe fungu lake kwa M-Pesa kabla hema halijang'olewa. Mgeni anayetaka kumwongezea mhudumu wa baa hatazuiwa.