Mpingo Ulivyopokonywa Mdomo wa Klarineti

Kata ya Ipililo iko wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Huku watu wanajua pamba, ng'ombe na ngoma za Bagika na Bagalu. Klarineti wameiona kwa mbali, kwenye bendi ya polisi siku ya sherehe. Lakini mti unaotengenezewa ala hiyo ni wa huku Usukuma pia: mpingo, mti wa jamii ya kunde, wenye miiba na shina lililopindapinda. Ukiukata unakuta ganda jembamba la rangi ya maziwa, na ndani yake kiini cheusi kinachogoma kuingiwa na shoka.

Wengi wamesikia kwamba klarineti ni mpingo. Ni kweli, ila si yote. Sehemu inayoingia kinywani mwa mpulizaji, ambayo hapa nitaiita mdomo, iliuacha mpingo zamani.

Johann Christoph Denner, fundi wa Nuremberg huko Ujerumani, ndiye anayetajwa kuwa aliibuni klarineti karibu na mwaka 1700. Enzi hizo mwili na mdomo vilikerezwa kwa mti wa njano unaomea Ulaya, na ulimi wa tete ukafungwa juu yake kwa uzi. Karne ya 19 mafundi waliongeza vitufe, wakahitaji mbao isiyopasuka inapotobolewa matundu mengi na kushikizwa vyuma. Mpingo wa Afrika ulikidhi haja hiyo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutumbukiza majini unazama, na una mafuta yake yenyewe. Basi mwili ukawa wa mpingo, na mdomo nao ukafuata.

Hapo mate yakaharibu mambo. Mbao, hata iwe mpingo, hunywa maji ikavimba, na ikikauka hujikunja. Mwili wa klarineti huweza kuvumilia hayo kwa kiasi chake. Mdomo hauvumilii. Nafasi iliyopo kati ya ncha ya mdomo na ncha ya ulimi wa tete ni kama milimita moja tu, na mpulizaji mzoefu hung'amua tofauti ya sehemu chache za mia za milimita. Fundi akisawazisha uso wa mdomo leo, baada ya miezi ya pumzi za moto na mate uso umepinda, na sauti imeota kutu.

Dawa ilitoka kwenye mpira. Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza mwaka 1844 ya kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kukatika kwa baridi. Ndugu yake Nelson akazidisha salfa, na mwaka 1851 akapata hataza ya mpira mgumu mweusi, ebonaiti, ambao hukerezwa na kung'arishwa kama mbao. Haunywi maji. Kuelekea mwisho wa karne hiyo ebonaiti ilikuwa imetawala, na mpaka leo midomo mingi mizuri ni ya ebonaiti, ikiwemo ya Vandoren, kampuni iliyoanzishwa Paris mwaka 1905 na mpulizaji Eugène Van Doren. Midomo ya kioo ipo, ya plastiki ipo kwa wanafunzi, lakini hiyo ni habari fupi. Ukipata mdomo wa zamani utautambua kwa macho na pua: jua limeugeuza rangi ukawa kahawia au kijanikijani, na ukiupitisha kwenye maji ya moto unanuka salfa. Usiupitishe. Osha kwa maji ya uvuguvugu.

Mpira nao una historia hapa Tanzania. Kabla ya mashamba ya Malaya kuujaza ulimwengu, utomvu wa mimea ya porini itambaayo ulikusanywa bara na kusafirishwa kupitia Kilwa na Lindi. Baadaye Wajerumani walipanda mpira wa mashamba upande wa Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Na ni Kilwa hiyohiyo ambayo leo inajulikana kwa mpingo: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, kwa msaada wa shirika la MCDI.

Kwa nini Kilwa na si Maswa? Jibu halimo kwenye klarineti. Usukuma ulifyekwa kwa sababu nyingine. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, kwa uongozi wa Charles Swynnerton, iliwakusanya watu wafyeke pori ili kumfukuza mbung'o. Kisha pamba ikahitaji mashamba, na ng'ombe malisho. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikavunja ngitili nyingi, yale maeneo ambayo Wasukuma hufunga wakati wa mvua ili majani yabaki kwa kiangazi. Wanaoilaumu klarineti kwamba imemaliza mpingo wangefika huku kwanza. Mipingo mingi iliishia jikoni bila kupulizwa hata noti moja.

Sitaki kuitakasa biashara yenyewe. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa, na viwandani sehemu kubwa ya gogo hutupwa kwa sababu ya nyufa na mapindo. Mwaka 2017 mpingo na karibu miti yote ya jenasi yake iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa masharti, ila magogo yanaendelea kuhitaji kibali.

Kwa Usukuma, habari njema ilianza mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipowarudishia watu heshima ya ngitili. Miti ikachipua kwenye visiki, mpingo ukiwemo, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wenye ngitili wa Ipililo na kata za jirani, mnapotoa kibali cha kukata nguzo au kuchoma mkaa, machipukizi ya mpingo yaacheni. Yanahitaji nusu karne na zaidi, na kwa sasa thamani yake gunia la mkaa haliwezi kuilipa.