Kizingiti, kikomo na upeo katika istilahi za mazoezi

Kizingiti (ngeli ya KI-VI, wingi: vizingiti) ni ubao au jiwe la chini ya mlango, ambalo mtu hulivuka anapoingia ndani. Katika fiziolojia ya mazoezi, neno hili hutaja kiwango cha ukali ambacho kikivukwa, mwili huanza kufanya kazi kwa namna nyingine.

Vizingiti hivyo ni viwili. Chini ya cha kwanza, mkimbiaji huzungumza bila taabu, na lakteti katika damu yake hubaki karibu na kiwango cha mapumziko. Kati ya cha kwanza na cha pili, lakteti huongezeka, lakini mwili humudu kuiondoa; mazungumzo hukatikakatika. Juu ya cha pili, lakteti hulimbikizana na uchovu haukawii. Kwa desturi, vizingiti hivi hukadiriwa kuwa karibu na milimoli 2 na 4 kwa lita ya damu, ingawa watu hutofautiana.

Matumizi
Kikomo hutokana na kitenzi koma, nacho huashiria mwisho wa jambo. Upeo ni kiwango cha juu kabisa, kama katika “upeo wa mapigo ya moyo”. Upeo haupitwi, kizingiti huvukwa, na safari huendelea kwa muda. Kwa hiyo, mfasiri anayeandika “kikomo cha lakteti” humwelekeza mwanariadha asimame pale ambapo kocha alikusudia avuke kwa dakika chache, kisha arudi.

Aidha, magazeti hutumia “vizingiti” kwa maana ya vikwazo. Maana hiyo haihusiki hapa: kizingiti cha mazoezi hakimzuii mtu, bali humwonyesha alipo.

Mifano
Sahihi: Sehemu kubwa ya mazoezi ya marathoni hufanywa chini ya kizingiti cha kwanza.
Sahihi: Baada ya miezi ya mazoezi, alikifikia kizingiti cha pili akiwa katika kasi kubwa zaidi.
Si sahihi: Alivuka upeo wa mapigo ya moyo wake.

Mfano wa pili unabeba kiini cha mazoezi ya ustahimilivu: kizingiti husogea. Mwanafunzi anayetafsiri na ajiulize kwanza: je, kiwango kinachotajwa chaweza kuvukwa? Kikiweza, neno lifaalo ni kizingiti.