Tunguu ilifungwa, Malindi ikabaki

Februari 28, 2027 itatimia miaka 30 tangu setilaiti ya Italia, BeppoSAX, iliponasa mripuko wa miale ya gama unaojulikana na wanafalaki wa dunia nzima kwa jina la GRB 970228. Habari za mripuko ule ziliteremkia mwambao wetu, kwenye kituo cha Malindi, ndipo zikapelekwa Rome. Makala iliyoandikwa na Enrico Costa na wenzake katika jarida la Nature mwaka huohuo imenukuliwa na watafiti wengine mamia kwa mamia ya mara. Katika orodha ndefu ya waandishi wake hamna jina hata moja la mtu wa Afrika Mashariki.

Kisa cha miripuko hii kilianzia kwenye vita baridi. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia angani, na Marekani ikatumia setilaiti za Vela kuchunga asitokee wa kuvunja ahadi. Julai 2, 1967 Vela zilinasa miale isiyofanana na ya bomu lolote. Ray Klebesadel na wenzake wa Los Alamos waliitangaza rasmi miripuko 16 ya namna hiyo mwaka 1973.

Vita baridi hivyohivyo vilifika Unguja mapema zaidi. Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kwa jina la ulinzi, ilikubaliana na Marekani kijengwe kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Mitambo ya kupokea mawimbi ikawekwa Tunguu, ya kurushia ikawekwa Chwaka. Mjini kukachafuka. Wafuasi wa chama cha Hizbu na vyama vya wafanyakazi waliandamana, wakisema hicho ni kituo cha maroketi ya vita na kwamba Zanzibar itageuzwa shabaha ya mabomu ya wakubwa.

Don Petterson, aliyekuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani Mji Mkongwe, anashikilia katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuwa Tunguu hapakuwa na silaha. Kazi ya kituo inamuunga mkono. Februari 20, 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn alipopita juu yetu akiizunguka dunia, alivuta kamba ya mpira kufanya mazoezi, na daktari aliyekuwa kituoni akafuatilia mapigo ya moyo wake kwa redio. Lakini hofu ya waandamanaji nayo ilikuwa na msingi. Mkataba ulitiwa saini na mtawala, si na wenye nchi, na wenye nchi walikuwa na haki ya kuuliza.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Wamarekani wa kituo waliondoshwa kwa manuari iitwayo Manley. Aprili serikali ya Mzee Karume ikataka mitambo ing'olewe. Mwezi huohuo Muungano na Tanganyika ukazaliwa, na kazi ya Tunguu ikahamia Madagaska.

Waitaliano, wao, walikuwa wamechagua pwani ya Kenya, huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuwa pahali pa kurushia setilaiti. Desemba 12, 1970, siku Kenya ikisherehekea uhuru wake, iliruka kutoka pale setilaiti Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za anga. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Nobel mwaka 2002.

BeppoSAX yenyewe ilirushwa kutoka Marekani Aprili 30, 1996, lakini ilizunguka karibu na mstari wa ikweta, hivyo ilipita juu ya Malindi kila mzunguko, kila baada ya saa moja na nusu hivi, na kuteremsha ilichokusanya. Wakati huo wanafalaki walikuwa wakibishana bado iwapo miripuko inatokea jirani na kundi letu la nyota au mbali mno. Saa nane baada ya mripuko wa Februari 28, setilaiti iligeuzwa ikaona eksirei zilizobaki zikififia. Kikundi cha Jan van Paradijs kikapata na mwanga wake kwa darubini ya La Palma. Mei mwaka huo mripuko mwingine ulipimwa, ukaonekana uko mabilioni ya miaka ya mwanga kutoka hapa. Bohdan Paczyński, aliyeshikilia hoja ya umbali huo tangu 1986, akashinda.

Setilaiti Swift, iliyorushwa 2004, nayo imeteremsha data zake Malindi. Makala ya Neil Gehrels na wenzake iliyoitambulisha imenukuliwa mara elfu kadhaa.

Hesabu za kunukuliwa huhesabu majina ya waandishi tu. Ardhi haihesabiwi, wala anga, wala mafundi wa kituo. Karume alikataa mitambo asiyoisimamia. Kenya iliikubali, na kwa miaka mingi elimu ikaondoka na wageni. Njia zote mbili hazikutupa mtafiti.

Leo Tunguu ileile ina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na jirani yake Chuo Kikuu cha Zanzibar. Data za Swift ziko wazi kwenye intaneti bila malipo, kwa yeyote anayeweza kuzisoma. Wakuu wa vyuo hivi wafundishe vijana kuzisoma, na serikali zetu zisitie saini mkataba wowote wa anga usiotaja nafasi za masomo na majina ya watafiti wetu.