Imani Yenye Mlango Wazi

William Jones alikuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akalelewa na wamisheni Bara Hindi. Mwaka 1864 alifika Rabai. Mwaka 1885 Askofu Hannington akamfanya shemasi.

Watumwa waliotoroka walikimbilia Rabai, naye Jones akawapokea. Wakalima, wakajenga, wakafundishwa Injili. Mwaka 1888 mabwana zao wakadai warudishwe. Kuwatoa kungaliondolea misheni taabu. Lakini torati, katika Kumbukumbu 23:15, yakataza kumrudisha mtumwa aliyekukimbilia. Mwishowe mabwana walilipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni za pwani wakawekwa huru.

Ndugu zangu, kukiri imani Jumapili ni kwepesi. Je, Jumatatu usiku akibisha hodi msichana wa kazi aliyepigwa na tajiri wake, na tajiri huyo ni mzee wa kanisa lako, utamfungulia? Hapo ndipo imani hupimwa. Jones alijua utumwa ni nini. Sisi nasi tulikuwa watumwa wa dhambi, Kristo akatufungulia.

Bwana atupe moyo wa kufungua. Amina.