Ndege za Kwanza Kigoma Hazikuleta Staa, Zilileta Mabomu

Wadau, staa akitua Uwanja wa Ndege Kigoma, simu zote juu. Sawa kabisa. Ila historia ya ndege mjini kwetu ilianza vibaya, na wengi hatuijui.

Turudi 1916, Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameshafikisha reli Kigoma miaka miwili nyuma, na ziwani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Wabelgiji wakaleta ndege ndogo aina ya Short walizopewa na Waingereza. Uwanja hazikuhitaji! Chini zilikuwa na maboya badala ya matairi, zinaruka na kutua juu ya maji kule upande wa Kongo. Zikavuka ziwa, zikaangusha mabomu bandarini. Julai mwaka huo Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe, wakaondoka. Meli hiyo ikaja kuibuliwa, leo tunaiita MV Liemba.

Vitabu vinasimulia meli na marubani. Mvuvi aliyeinua macho akaona chuma kinapaa juu ya mtumbwi wake, hatajwi.

Sogea hadi 9 Aprili 2012, Jumatatu ya Pasaka. Dash 8 ya Air Tanzania ikapata ajali ikiwa inaruka uwanjani kwetu. Ndege ikaharibika, haikutengenezeka tena. Ndani walikuwemo watu 39. Wote wakatoka hai! Na hao pia, nani anawakumbuka?

Leo njia ya kurukia ina lami, na baada ya serikali kuleta Bombardier mbili mwaka 2016, Air Tanzania ikajipanga upya.

Sasa kwa nini nasema uwanja huu sio wa mastaa tu? Kigoma ni mwisho wa reli. Kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni haijui kama mgonjwa wako ana rufaa ya Muhimbili au kama msiba unakusubiri. Ndege inafika kwa saa chache. Tatizo ni nauli, ndiyo maana familia nyingi huchangishana ili mtu mmoja tu apande.

Muulize bibi au mjomba: kwenu nani alipanda ndege wa kwanza, na alikuwa anawahi nini? Jina lake nalo ni historia ya uwanja huu. Liandikeni mapema, wazee wanaondoka.