Asilimia 80 Mbili za Keriko

Tuzo za kuwaenzi wanaosomesha kwa njia ya redio, televisheni na mitambo mingine zina umri mrefu. Shirika la utangazaji la NHK lilianzisha Japan Prize mwaka 1965 kwa ajili ya vipindi vya elimu. Ufundishaji wa namna hiyo ulikuwepo Kenya pia, ambako mradi wa Radio Language Arts wa 1980 hadi 1985 ulifundisha Kiingereza katika madarasa ya mwanzo: redio huuliza, hunyamaza kidogo, darasa zima likaijibu. Global Teacher Prize ya Varkey Foundation, iliyotolewa mara ya kwanza 2015, ilimlenga mwalimu mwenyewe na kumwekea dola milioni 1.

Tarehe 24 Machi 2019, huko Dubai, tuzo hiyo ilimwendea Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro. (Pwani hii iko bara, kusini-magharibi mwa mji wa Nakuru.) Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla yake.

Imezoeleka kusimuliwa kwamba alituzwa kwa kuwagawia maskini asilimia 80 ya mshahara wake. Alikuwa akigawa kweli, lakini simulizi hiyo inamfanya mtakatifu na kumsahau mwalimu. Taarifa ya waandalizi ina asilimia 80 ya pili, ambayo wachache huitaja: hicho ndicho kiasi cha vipindi alivyofundisha kwa msaada wa TEHAMA. Keriko ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, mtandao wa kukatikakatika, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Kwa hiyo Tabichi alikwenda saiba, akapakua alichohitaji, akakibeba hadi darasani kitumike bila mtandao. Huo ni ubunifu wa ufundishaji, na ulistahili kutangazwa mwanzo. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo. Mwaka uliofuata walifika 26.

Ipo hoja nyingine inayostahili kusikilizwa kwa makini: kwamba tuzo ya namna hii husifu juhudi za mtu mmoja pale ambapo serikali ilipaswa kufikisha vifaa. Mpango wa serikali wa vishikwambi, ulioanza kusambaza vifaa 2016, ulilenga shule za msingi. Sekondari kama Keriko hazikuwemo.

Mwaka 2020 mshindi alikuwa Ranjitsinh Disale wa India, aliyeweka misimbo ya QR katika vitabu vya shule yake ya kijijini ili mtoto afungue somo la sauti au video kwa simu. Yeye naye alisimuliwa zaidi kwa kuwagawia wenzake tisa wa fainali nusu ya fedha. Ila misimbo yake ilikuwa imeshavuka mipaka ya kijiji: tangu 2017 jimbo la Maharashtra liliamua iingie katika vitabu vya madarasa yote.